Nguo Zisizofuliwa Kwetu

Mimi ni mtu wa duka, na mtu wa duka humtazama mwenzake kuanzia chini kwenda juu: pindo kwanza, kisha mkanda, kisha kola, na uso mwisho. Usiniambie ni tabia mbaya, ni kazi. Nilizaliwa Burumba, Busia, nikaolewa na Muzafaru akanileta Malaba, tukafungua duka la vitambaa karibu na stesheni ya reli. Tangu hapo hakupita mwanamke mlangoni kwangu na gauni jipya bila mimi kujua kitambaa kimetoka wapi. Kama si kwangu, ni kwa Mhindi wa Busia, na kama si kwa Mhindi, basi kimevuka mpaka kutoka Tororo. Mlango mwingine hakuna.

Ndiyo maana Akurut alininyima raha.

Akurut alikuwa mke wa Egwang, mtoto wa mzee Osukuku na Benedetta, Wateso, watu wa kanisa la Katoliki, ambao boma lao lilipakana na ua wetu. Egwang alikuwa na kazi kwenye kiwanda cha nguo kule Jinja, Uganda. Alikuja nyumbani kwa treni mara moja moja, akalala, akaondoka. Mke alibaki na wakwe zake, akilima mihogo yao na kuchunga mdomo wake. Alikuwa msichana mwembamba wa shingo ndefu, asiyecheka ovyo. Na kila Jumapili alipokwenda misa, alikuwa amevaa kitu kingine.

Jumapili hii gauni la buluu lenye kola nyeupe ya kufuma. Jumapili ijayo sketi nyeusi yenye ukanda wa maua kwenye pindo, na blauzi nyeupe iliyokaa kiunoni kama imechorwa. Jumapili ya pili yake buluu juu, nyeusi chini, utafikiri mke wa bwana shauri. Kisha sweta ya kijivu isiyo na kifungo hata kimoja kifuani, na mimi nilimgeukia alipopita nikaona vifungo viko mgongoni. Nani amemfundisha kuvaa sweta kinyume? Na mbona inampendeza?

Kwangu alinunua vifungo na uzi tu. Sasa niambie wewe, mtu ananunua vifungo wala hanunui kitambaa, utafikiri nini? Mimi nilifikiri kitambaa anapewa, na anayempa nikamtafuta kwa macho kila lori liliposimama kwenye foleni ya mpakani.

Watu wengine hawakusumbuka hivyo. Walisema, "Bwana yake si anafanya kiwanda cha nguo? Anamletea." Egwang akasifiwa mpaka kanisani. Benedetta, mama yake, alitembea kifua mbele. Na huyo Benedetta si mtu wa kuamini mambo kirahisi. Alihesabu kuku wake jioni na asubuhi akawahesabu tena. Akiletewa unga kutoka kinuni, alitia mkono mpaka chini ya gunia ahakikishe kwamba chini hawakutia wa zamani. Lakini jambo hili aliliamini, kwa sababu lilimsifu mwanawe.

Mpaka siku Egwang alipokuja, mama akamshukuru mbele yangu. Nilikuwa nimekwenda kurudisha ungo.

"Asante mwanangu, unavalisha bibi yako vizuri. Hata Padri ameona."

Egwang alikuwa ananawa mikono. Akaacha. "Nguo gani, mama?"

"Hizi anavaa kila Sunday."

"Mimi sijaleta nguo," akasema Egwang. "Tangu nimuoe sijaleta hata leso moja."

Akalisema bila haya, kama mtu anayesema leo hakuna mvua. Kisha akaniangalia mimi, akamwangalia mama yake, akauliza polepole: "Kwani anatoa wapi?"

Niliona uso wa Benedetta unakaza, na nikajua usingizi wake umekwisha.

Egwang aliporudi Jinja, Benedetta akaja dukani, akangoja wateja watoke, akainama juu ya kaunta.

"Mama Salim, mimi nataka kukuuliza kitu kimoja. Ile kamba ya nguo ya Akurut, wewe unaiona kutoka kwako?"

"Naiona."

"Unaona nini juu yake?"

Nikafikiri. Kamba ile ilikuwa mbele ya dirisha langu la jikoni, naitazama kila siku nikipika. "Gauni ya buluu," nikasema. "Sketi nyeusi. Blauzi nyeupe. Sweta ikichafuka."

"Na nyingine?"

Nikahesabu vidoleni, nikaishia hapo.

"Basi," akasema Benedetta, na akagonga kaunta kwa kidole. "Mimi naangalia hiyo kamba tangu mwezi umeanza. Ni hizo tu. Zile zingine zote anavaa, za maua, za mkanda, za kola, hazijai kuanikwa kwangu hata siku moja. Hazifuliwi kwetu. Zinafuliwa wapi?"

Nywele zilinisimama, naapa. Kwa maana mwanamke kupewa nguo ni jambo moja. Mwanamke kufua nguo zake kwenye boma lingine, kuzianika kwenye kamba nyingine na watu wakamwona, hilo ni jambo jingine kabisa. Huko ana kwake. Huko kuna mwanamume ambaye asubuhi anauliza shati langu liko wapi.

"Si uingie tu uangalie sanduku lake," nikamwambia.

Benedetta akanitazama kama nimemtukana. Nami nilijua nimesema upuuzi. Kwa Wateso, kama kwa wengi wetu huku, mzazi haingii chumba anacholala mwanawe aliyeoa. Benedetta angeungua na nyumba kuliko kuvuka kizingiti kile. Na mzee Osukuku, baba mkwe, ndiyo kabisa: Akurut alimwekea chakula akageuza uso, na nguo zake za ndani alizianika chumbani chini ya kitambaa ili mzee asizione hata kwa bahati mbaya. Hivyo Akurut walimjua kwa vitu viwili, mwili unapopita na kamba inapoanikwa. Na vitu hivyo viwili havikupatana.

Tukaanza kumfuata. Nasema tukaanza kwa sababu na mimi nilikwenda, tena nilimwachia Muzafaru duka. Akurut alibeba kikapu kilichofunikwa, akapita nyuma ya malori, pale madereva wanapochemsha chai wakipiga miluzi, akaingia kwenye lojing'i, nyumba ya kulaza wasafiri, ya mjane mmoja anaitwa Adeke. Lojing'i! Benedetta akanishika mkono, kucha zikaniingia. Tulisimama kwa wauza ndizi mpaka miguu ikauma. Alipotoka, kikapu kilikuwa kimejaa zaidi, na kwenye ukingo kitambaa cha maua kilikuwa kinachungulia.

"Umeona?" Benedetta akasema. "Wewe ni shahidi yangu."

Jumapili ile Akurut alivaa blauzi nyeupe yenye kola ya maua yaleyale. Alipiga magoti kanisani, nimesimuliwa, mgongo umenyooka, wala hakutetemeka.

Egwang alipopelekewa habari alikuja haraka, yeye ambaye hata mama yake akiugua huja baada ya mwezi. Mzee Okedi, kaka mkubwa wa Osukuku, akaitwa kutoka Kocholia. Kila mtu alijua kikao kile ni cha nini. Ikithibitika, Akurut angerudishwa kwao Amukura, na kaka zake wangetakiwa kurudisha ng'ombe wa mahari. Na ng'ombe wale hawakuwapo tena: kaka yake mkubwa alishawatoa mahari ya mke wake. Akurut akirudi, wifi yake naye angerudishwa kwao ili ng'ombe wapatikane, na watoto wake wangebaki. Msichana alikuwa amesimama mbele yetu na nyumba mbili juu ya kichwa chake.

Walikaa kando ya ghala. Mzee Osukuku aliweka kiti chake upande, uso kuelekea zizini, kama ilivyompasa. Mimi niliitwa niseme ya lojing'i. Nikasema. Benedetta akasema ya kamba, na alisema vizuri, nguo moja baada ya nyingine, mpaka mzee Okedi akawa anatikisa kichwa. Mwisho Egwang akasimama.

"Mimi niko kazini, nateseka, na hapa bibi yangu anavalishwa na watu wa barabara. Mimi sina maneno mengi. Nataka arudi kwao."

"Akurut," akasema Okedi, "hizo nguo unatoa wapi?"

"Ni zangu, mzee."

"Nani alikupa?"

"Nilikuja nazo kutoka kwa mama yangu."

Benedetta akacheka kwa pua. Okedi akasema sanduku liletwe. Wakatazamana. Nani ataingia? Mama hawezi, baba hawezi, Egwang akiingia mwenyewe watasema ameficha. Okedi akanigeukia. "Mama Salim, wewe si wa ukoo. Lete."

Nikaingia. Kitanda kilitandikwa, sakafu imefagiliwa, sanduku la mabati liko chini ya dirisha. Niliinama nikajiandaa kwa uzito, nikavuta, nusura nianguke kinyumenyume. Lilikuwa jepesi. Niliwaza, amezihamisha, amejua. Hiyo ndiyo akili niliyokuwa nayo siku hiyo.

Nilipoliweka chini, Akurut akasema kwa sauti ndogo: "Mzee Okedi, naomba baba mkwe aende kando kwanza. Mle ndani kuna vitu vyangu."

"Ng'ombe ni zake," akasema Okedi. "Lazima aone na macho yake. Osukuku, geuka."

Mzee Osukuku akasita. Kisha akageuza kiti. Akurut akapiga magoti, akafungua.

Alitoa gauni la buluu. Alitoa sketi nyeusi na sweta. Blauzi nyeupe alikuwa ameivaa, na leso kuukuu kiunoni. Kisha akatoa shimizi yake moja, imetiwa viraka kifuani, na suruali ya ndani, akaviweka kwenye majani mbele ya baba mkwe. Mzee alifumba macho, lakini alikuwa ameshaona. Sote tulikuwa tumeshaona.

Chini ya hapo palikuwa na mfuko wa unga. Akaumwaga. Zikatoka kola. Kola za duara, za pembe, za kufuma kwa sindano ya kroshia, za maua. Mikanda. Vifungo vyangu vimetungwa kwenye uzi kwa rangi. Vipande vya pindo, mikono ya gauni isiyo na gauni.

"Nguo ni hizo," akasema Akurut. "Zingine hakuna."

"Danganya wengine," akasema Egwang.

Akurut akachukua gauni la buluu, akalivaa juu ya blauzi, akavaa sketi nyeusi juu yake pale pale, na gauni likawa blauzi ya buluu. Akabandika kola ya maua kwa vifungo vya ndani. Akavua sketi, akafunga mkanda, akaingiza mikono mirefu, na sasa lilikuwa gauni la baridi. Akachukua sketi akaigeuza nje ndani, akatuonyesha kwamba ukanda wa maua umeshikizwa kwa mishono mirefu ya kufumuliwa kwa kuvuta uzi mmoja. Kila alipobadilisha, nilitaja moyoni Jumapili yake. Ile ya misa ya Pasaka. Ile ya ubatizo. Ile niliyoshindwa kula kwa kuwaza kitambaa chake.

"Maua haya ni pazia za mama Adeke zilizochanika," akasema. "Mimi namshonea mashuka ya lojing'i, yeye ananipa vipande. Blauzi naitia maji ya muhogo ikakauka ngumu, ndiyo inakaa hivi. Na hii kola yake ilikwisha, mama. Angalia." Akainama mbele ya Benedetta, akampa shingo. "Shati au blauzi inaanza kuliwa hapa, mahali shingo inasugua. Ukifumua hapa kwenye mshono, ukageuza kola, upande uliooza unaingia ndani na ule mzima unakuja juu, ukashona tena. Inakaa mwaka mwingine. Ila ukipapasa na kidole unajua imegeuzwa, kwa sababu mshono wa mkono hauko kama wa cherehani."

Benedetta akapapasa. Kidole chake kilikwenda na kurudi.

"Kwa nini ulifanya hivi?" akauliza. Kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na meno. "Si ungesema huna nguo?"

"Ningesema kwa nani, mama? Watu waliniona wakasema Egwang anamtunza bibi yake. Nilikuwa nafurahi wakisema hivyo. Nikawa nageuza zingine, waseme tena."

Nilitaka ardhi inimeze pamoja na duka langu. Okedi alikohoa. Alisema basi, mambo yamejulikana, hakuna mwanamume hapa, binti ni mwaminifu, tena ana akili kutushinda, na ng'ombe hawaguswi. Alikuwa anataka kuinuka.

Lakini Benedetta hakuwa amemaliza. Kidole chake kilibaki hewani kama kimekumbuka jambo. Akamwendea mwanawe. Egwang alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mistari ya mikono imesimama.

"Inama," akamwambia.

"Mama, ni nini?"

"Nimesema inama."

Akainama. Benedetta akatia kidole nyuma ya shingo ya mwanawe, akapapasa taratibu kama anavyopapasa unga chini ya gunia. Akasimama hapo. Tukamwona anazeeka.

"Hii imegeuzwa," akasema. "Imeshonwa na mkono. Nani amekugeuzia kola, Egwang?"

"Fundi. Fundi wa Jinja."

"Fundi ana cherehani."

Benedetta akauliza tena, akapaza sauti, akauliza mara nyingine akimtikisa kwa kola ileile, na mtoto wake mkubwa, mtu wa kiwanda, akawa anatazama viatu vyake. Ndipo nikaelewa kwa nini alikuja haraka hivyo safari hii. Alitaka mke aondoke kwa kosa la mke, ili yule mwanamke wa Jinja aliyemgeuzia kola aje bila maneno.

Akurut akasogea. Hakupiga kelele, hakumkamata mtu. Aliishika kola ya mumewe kwa vidole viwili, akaifunua, akaangalia mishono ya ndani kwa muda mrefu, kama fundi anavyoangalia kazi ya fundi mwenzake. Ilikuwa midogo, imelingana, haikuruka hata mmoja.

"Huyu hakuharakisha," akasema. "Mtu hashoni hivi kama hakupendi." Na hapo ndipo alilia.

Okedi akaanza kufoka. Alimwita Egwang majina ambayo sitayarudia, akaapa kwamba huyo wa Jinja hatakanyaga boma lile, na Akurut ndiye mwenye nyumba, akae, watamnunulia nguo, watamchinjia hata mbuzi. Benedetta naye alimshika mikono. "Kaa, mwanangu. Kaa na mimi. Huyu aende."

Akurut akajipangusa uso. Akakusanya kola zake, akarudisha kila kitu sandukuni, shimizi mwisho.

"Nikae vipi, mama?" akasema. "Baba mkwe ameona hii. Kesho nitampelekea maji ya kunawa na uso gani?"

Mzee Osukuku alikuwa amegeuza kiti zamani, ameinamisha kofia, mabega yakitikisika. Ni sisi tuliotaka sanduku lifunguliwe, na ni Akurut aliyeomba mzee aende kando.

Akainama abebe sanduku lake. Benedetta akamzuia, nikadhani anaanza upya. Akalichukua yeye, akalitia kichwani mwake mwenyewe, mama mkwe kubeba mzigo wa mke wa mwanawe mbele ya watu wote, na akatangulia njia ya Amukura.